Majivu Katika Chungu cha Nyariek

Nyaboth hakupiga hodi. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye mafiga ya wifi yake, akainua mguu, akaupiga teke ule ukuta mdogo wa udongo unaokinga moto, na ukuta ukalala chini vipande vitatu mbele ya majirani.

Kwa mpita njia ule ni udongo tu. Kwa Wanuer una jina lake, buor, na mwanamke huufinyanga kwa viganja vyake siku anayokabidhiwa nyumba. Ukisimama, yeye ni mke. Ukivunjwa na ndugu wa mume, basi, afungashe. Nyariek, mwenye ukuta huo, alivuka mpaka wa Sudan pale Nadapal mwaka wa tisini na mbili, mtoto mgongoni na chungu kichwani, na kitu cha kwanza alichojenga katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, hata kabla ya turubai la nyumba kufungwa sawasawa, kilikuwa buor. Miaka minne ulisimama. Mvua ya ghafla haikuubomoa wala upepo wa vumbi. Ulibomolewa na wifi.

"Unamuua kaka yangu kwa chumvi!" Nyaboth alipaza sauti ili mtaa mzima usikie. "Mwanamume amekatazwa chumvi miaka miwili, presha inapanda kama mbuzi mwambani. Kama si mkono wako, ni wa nani?"

"Sijatia chumvi, wifi. Niliapa kanisani, na wewe ulikuwepo."

"Hata Yuda alikula na wenzake."

Nyariek alitazama vile vipande. Alikuwa ameapa kweli, na kiapo chake hakikuwa na uongo ndani. Kilikuwa na nusu tu ya maneno.

Mambo yalianza hivi. Mumewe, Koang, ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa ya kanisa lao la matete. Mwaka wa tisini na nne alianza kuumwa kichwa, macho yakawa yanaona ukungu, miguu ikajaa hata kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Kwenye zahanati ya kambini tabibu aliyeitwa Kipngeno, kijana kutoka Kericho, alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia, akapuliza, akasikiliza, akaandika mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini na tano.

"Mzee, unakula chumvi?"

"Hapana."

"Hii mashine haidanganyi. Mdomo ndio unadanganya." Kipngeno hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wagonjwa mia moja na hamsini kila siku na jibu moja la presha alilofundishwa chuoni. "Acha chumvi kabisa. Na acha mawazo mengi."

Acha mawazo! Koang alizika ndugu wawili kando ya barabara bila jembe, wakachimbiwa kwa sahani. Hakuambiwa mawazo ayaache wapi.

Basi vita vya chumvi vikaanza. Mzee Chuol, mkubwa wa kanisa, aliitisha kikao akatoa amri kwamba chunguni mwa Koang kisiingie kitu ila chakula na maji. Watoto wakafundishwa kunusa vidole vya mama yao. Kila mwezi Koang alirudi zahanati, kila mwezi presha ilikuwa pale pale au juu zaidi, na kila mwezi Kipngeno alimwongezea vidonge vya kukojoza na maneno.

"Mficha maradhi, kilio humfichua, mzee wangu. Chumvi unaipata wapi?"

Koang akawa hali chakula. Uji bila chumvi, maharagwe bila chumvi, mahindi ya mgao bila chumvi. Alikuwa akikaa na wanaume wenzake wakati wa kula, anaonja, anasema ameshiba. Mbavu zikaanza kuhesabika. Ndipo Nyariek alipokumbuka jikoni kwa mama yake, huko ambako duka la chumvi lilikuwa mwendo wa siku nne.

Asekon, mama wa Kiturkana aliyekuwa akiwauzia kuni, ndiye aliyemletea mabua ya mtama kutoka mashamba ya kando ya laga, ule mto mkavu unaojaa wakati wa mvua tu.

"Ejok, Mama Tap," Asekon alimsalimu kwa Kiturkana, kwa jina la mwanawe, huku akishusha mzigo. "Mabua ni ya nini? Huna ng'ombe."

"Ejok noi. Ya kuchoma tu."

Nyariek aliyachoma mpaka yakawa majivu meupe. Akayajaza kwenye mkebe wa mafuta uliotobolewa chini, akamimina maji juu, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai hafifu. Hiyo ndiyo kombo. Inakoleza chakula, inaivisha maharagwe upesi, inateleza ulimini kama kitu cha nyumbani. Kijiko kimoja, Koang akala. Vijiko viwili, akaomba tena. Nyariek hakumwambia mtu. Kikao kilikuwa kimesema chakula na maji, na yeye alijua Nyaboth angepata pa kuanzia. Zaidi ya hapo aliamini moyoni: majivu si chumvi. Alipoulizwa kanisani, "Umetia chumvi?" alisimama wima akajibu, "Sijatia." Akaketi.

Sasa buor ulikuwa umelala chini, na Nyaboth alibeba chungu kile kwenda nacho kwake.

"Kuanzia leo nitampikia mimi," alisema. "Tutaona."

Wakaona. Baada ya wiki tatu za mapishi ya Nyaboth, presha ya Koang ilifika mia mbili na thelathini kwa mia moja na arobaini. Kipngeno alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akabadilisha mashine.

"Sasa na wifi yangu naye anatia chumvi?" Nyariek aliuliza kutoka mlangoni.

Nyaboth alikuwa amekaa pale pale kwenye benchi. Kipngeno alikuna kichwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akachukua karatasi ya rufaa. Aliandika: Lodwar.

*

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kilomita mia moja na ishirini, lakini kwa mkimbizi si kilomita, ni muhuri. Huwezi kutoka kambini bila kibali, na kibali kilichukua siku kumi na tatu. Yule aliyekuwa akikitoa hakuwahi kumwona Koang akipandishwa ngazi kwa kubebwa. Mwishowe walipanda gari la wagonjwa katikati ya msafara wa polisi kwa sababu ya majambazi, Koang kalala, Nyariek kashika chuma, vumbi linaingia hata mahali pasipo na tundu.

Daktari waliyemkuta aliitwa Jebet. Alikuwa mdogo, hajaolewa, viatu vya raba, na alikuwa na tabia moja ambayo Nyariek hakuwahi kuiona kwa mtu wa hospitali: alimaliza kusikiliza kabla ya kuandika. Alitazama ndani ya macho ya Koang kwa tochi yake ndogo, akabonyeza miguu, akapima mkojo kwa kijiti kikageuka rangi. Kisha akaleta dumu la njano la lita tano.

"Mzee, mkojo wako wote wa leo hadi kesho asubuhi uende humu. Wote. Hata tone."

Koang alilitazama dumu, akamtazama mkewe. "Nilikimbia vita na ng'ombe wangu wakachukuliwa wote," alisema kwa Kinuer. "Leo nimepewa hili nilichunge."

Nyariek alicheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu teke lile.

Chupa za mkojo na damu zilipanda ndege ya wamisionari kwenda maabara moja ya Nairobi. Walisubiri siku kumi na moja, Koang wodini, Nyariek barazani. Siku ya kumi na mbili Daktari Jebet aliwaita wote wawili, akafunga mlango, akaketi.

"Mama, nani alisema mzee anakula chumvi?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu alikosea. Chumvi anayokula mtu hutoka kwenye mkojo. Ningeikuta. Huyu hana. Ni mkavu wa chumvi kuliko mtu yeyote niliyempima mwaka huu."

Nyariek hakuelewa mara moja. Alisikia maneno, lakini mwili ulikuwa bado unasubiri kupigwa. Kisha machozi yakamtoka bila sauti. Miaka miwili! Watoto walimnusa vidole. Ukuta wake ulivunjwa mchana kweupe.

"Sasa presha inatoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye figo zake. Zimeumia, tena kitambo. Zimesinyaa." Daktari aliweka ngumi mbili kiunoni mwake kuonyesha. "Figo kazi yake si kukojoa tu. Ndani yake mna mlinzi. Damu ikipungua, mlinzi anatoa homoni, yaani ujumbe unaosafiri ndani ya damu. Ujumbe unasema: mishipa, jikazeni! Halafu unapanda kwenye tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia, nayo inatoa amri yake: shikilieni maji, shikilieni chumvi, mwageni potasiamu. Kwa mtu mwenye afya ni kazi nzuri. Inakuokoa ukitokwa na damu. Lakini figo lenye makovu linahisi kiu wakati mwili umejaa maji mpaka miguuni. Linatuma ujumbe mchana kutwa."

Koang aliinua kichwa. "Kama yule askari wa pale mpakani," alisema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Anaona kivuli chake, anapiga risasi. Kambi yote inaamka, yote inapiga. Adui hakuna."

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee! Na vidonge vya kukojoza peke yake vilikuwa vinamkausha zaidi, mlinzi akazidi kupiga." Daktari alipunguza sauti. "Msinielewe vibaya. Chumvi bado ni adui wa mtu mwenye figo hizi, msikimbilie dukani. Lakini aliyeshika kamba ni homoni."

Adui hakuna. Nyariek aliyarudia maneno hayo kichwani. Adui waliyemtafuta kwenye vidole vyake alikuwa ndani ya mwili wa mumewe, amejificha chini ya mbavu, na hata hakuwa adui. Alikuwa mlinzi mgonjwa.

Daktari alitoa pakiti ya vidonge vyeupe. Viliitwa kaptopril. "Hivi vinamfunga mdomo yule mlinzi. Presha itashuka. Lakini amri ikinyamaza, na ile ya kumwaga potasiamu inanyamaza. Potasiamu iko kwenye vyakula. Ikijaa kwenye damu, inasimamisha moyo. Ndiyo maana nataka damu yake tena baada ya wiki moja. Wiki moja, mama, si mwezi. Na tayari naona iko juu kidogo." Alichukua karatasi iliyopigwa chapa. "Mzee, unakula nini na nini?"

Hapa ndipo msiba ulipokuwa umekaa, na hakuna aliyeuona. Mwanamume wa Kinuer haulizwi habari ya tumbo lake mbele ya wanawake. Haonekani akila mbele ya wasichana, hasemi ana njaa, hataji alichokula. Hiyo ndiyo adabu aliyolishwa pamoja na maziwa. Na anayeuliza hapa ni msichana, na mke amekaa kando.

Koang aliutazama ukuta. "Chakula," alijibu.

"Chakula gani?"

"Chakula tu."

Daktari Jebet alidhani ni lugha. Akasoma karatasi polepole. "Anakula ndizi?"

Nyariek alitabasamu. "Kakuma, daktari?"

"Machungwa? Parachichi? Juisi ya nyanya?"

"Hapana. Hapana. Hiyo siijui."

"Vizuri sana. Basi msile hivyo."

Na karatasi ikakunjwa. Nani aliiandika ile karatasi? Aliyeiandika alikuwa na bakuli la matunda mezani. Maharagwe ya mgao hayakuwemo, na majivu hayakuwemo. Nyariek alikuwa na mkebe wake akilini, aliuona kabisa, lakini nani aliyeuulizia? Alikuwa ametoka kusafishwa jina dakika ile. Alikumbuka vipande vitatu vya udongo, akaufunga mdomo.

*

Kakuma walipokelewa kama waliofufuka. Daktari alikuwa ameandika barua, na Mzee Chuol aliisoma kanisani mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Nyaboth alisikiliza ameinamisha kichwa. Kesho yake alionekana akitoka laga ya Tarach na ndoo ya udongo wa mfinyanzi. Aliukanda mwenyewe, akaujenga mwenyewe, mchana, mbele ya majirani wale wale, na chungu akakirudisha.

"Umeupinda upande wa kushoto," Nyariek alimwambia.

"Mkono wa mtu mwenye aibu haunyooshi kitu, wifi. Uache hivyo hivyo."

Wakacheka wote wawili. Na Nyaboth hakuishia hapo. Kila siku mbili alileta bakuli la maharagwe laini ya kumlainisha kaka yake, na Koang akala kwa Nyariek, akala na kwa dada. Presha ikashuka: mia moja na themanini, mia moja na sitini, mia moja na arobaini. Kipngeno aliionyesha kwenye daftari kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kichwa kikaacha kuuma. Ngoma ikarudi kanisani.

Wiki ikafika. Nyariek akaenda kuomba kibali cha Lodwar.

"Mgonjwa anaendeleaje?" mwenye muhuri alimuuliza kutoka dirishani.

"Anaendelea vizuri."

"Sasa mtu mzima anakwenda hospitali kufanya nini? Mwingine!"

Akarudi wiki ya pili, akaambiwa mkubwa yuko Nairobi. Wiki ya tatu akaambiwa msafara umejaa. Anayetaka kujua namna mtu anavyoweza kuuawa bila kuguswa alikumbuke dirisha hilo, na ule mkono uliokuwa umeshika kikombe cha chai nyuma yake.

Jumapili ya wiki hiyo ya tatu, katikati ya wimbo, ngoma ilikosa pigo moja. Watu waliendelea. Ikakosa la pili. Nyariek aligeuka, akamwona Koang anautazama mkono wake wa kulia kama si wake. Aliuinua, ukashuka. Kisha magoti yakakunjika na ngoma ikabingirika hadi kwenye miguu ya Mzee Chuol.

Walimbeba kwenye kitanda cha kamba, Nyaboth mbele, Nyariek kichwani. Kipngeno alifunga mkono, akapuliza.

"Mia na kumi na nane kwa sabini!" alisema huku uso ukikunjuka. "Presha nzuri kuliko yangu!"

"Shika mkono," Nyariek alimwambia.

"Mama, nimekwambia presha..."

"Nimeoa mpiga ngoma. Shika mkono uhesabu!"

Hata yeye hakujua amesema nini, kwamba mwanamke haoi. Kipngeno alishika kifundo cha mkono. Pigo. Kimya. Kimya kirefu. Pigo. Alitazama saa yake dakika nzima, na rangi ikamtoka.

"Thelathini na nne," alinong'ona, akakimbilia redio.

"Lodwar, Lodwar, Kakuma hapa. Mwiteni Daktari Jebet. Ova."

Redio ilikohoa, ikapiga mluzi, na mara sauti ya daktari ikajaa chumba. Kipngeno akaeleza.

"Ni potasiamu," sauti ilisema. "Kwa nini damu haikuletwa? Wacha, wacha. Simamisha kaptopril sasa hivi. Una kalsiamu ya sindano? Mpe mshipani, polepole, dakika kumi. Halafu sukari ya mshipani na insulini. Lakini niambie inatoka wapi! Anakula nini? Kuna kitu kinaingia kila siku, na kama kimo tumboni hata sasa, tutampoteza. Muulize. Ova."

Kipngeno aliinama. "Mzee, umekula nini?"

Koang alifungua macho. Aliwaona: mkewe, dada yake, mama wawili wa kanisa, muuguzi wa kike. Midomo ikatikisika. "Chakula," alisema.

Ukuta wa Nyariek ulikuwa na siku ishirini tu tangu usimame, umepinda upande wa kushoto. Akisema, atakuwa kweli yule waliyemwita: mke anayetia vitu chunguni kwa siri. Mzee Chuol alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Akinyamaza, pigo, kimya, pigo.

"Majivu," alisema.

Hakuna aliyeelewa.

"Maji ya majivu ya mabua ya mtama. Nimemtilia miaka miwili. Kijiko, vijiko viwili. Si chumvi, niliapa si chumvi, na si chumvi! Lakini nilitia." Alimgeukia wifi yake, akasubiri.

Nyaboth alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Aliviondoa taratibu.

"Na mimi," alisema.

"Nini?"

"Na mimi nilitia. Ulipokuwa humpikii, alikataa chakula changu. Nikamtilia kombo. Na maharagwe haya yote niliyokuletea..." Sauti ilimkatika. "Nilitia nyingi, wifi. Nilitaka ajue nimetubu."

Chumba kizima kilishtuka, na katika mshtuko huo mama mmoja wa kanisa alipiga magoti. Alikuwa ndiye aliyekuwa akimpelekea Koang uji wa Ijumaa. Hakuhitaji kueleza. Mtaa mzima ulikuwa umemlisha mtu mmoja majivu, kila mmoja kwa huruma, kila mmoja kwa siri, kwa kumwogopa mwenzake.

Kipngeno alikuwa tayari na sindano. Aliisukuma polepole sana, jasho likimdondoka kidevuni, huku akisema kwenye redio, "Majivu, daktari, wanapika kwa majivu. Ova."

Sauti ya daktari ilirudi ndogo. "Majivu ya mimea ni potasiamu tupu. Mungu wangu. Nilimuuliza ndizi."

Nyariek alikuwa ameshika mkono wa mumewe, vidole vitatu juu ya mshipa. Pigo. Kimya. Pigo. Kimya kifupi kidogo. Pigo, pigo. Aliujua ule mwendo. Ndivyo Koang alivyokuwa akianza wimbo, kwa kujaribu ngozi kwanza. Sukari ikaingia, insulini ikaingia. Baada ya robo saa Kipngeno alihesabu hamsini na sita, akakaa sakafuni pale pale.

"Gari litakuja kumchukua," redio ilisema. "Kibali nitagombana nacho mimi. Lakini nahitaji kujua mengine anayokula, yote, kabla hajala tena. Ova."

Mzee Chuol alikohoa. Alikuwa ameshavaa uso wa kikao. "Imeonekana," alianza, "ya kwamba wanawake hawa wote wawili hawaaminiki. Chungu hiki kichukuliwe na kanisa. Na ule ukuta..."

"Nipe hiyo," sauti ilisema kutoka kitandani.

Koang alikuwa amenyoosha mkono. Kipngeno alidhani anataka maji. Lakini mkono ulikuwa unaonyesha redio. Waya ulifika kwa shida. Kipngeno alimbonyezea kitufe.

"Daktari," Koang alisema kwa Kiswahili, polepole, kila mtu asikie. "Mimi ni Koang. Asubuhi nakula uji."

Mama wa kanisa aligeuza uso ukutani. Nyaboth alijifunika uso kwa ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Mzee Chuol alisimama na neno lake nusu mdomoni, maana hakuwahi kusikia mwanamume wa umri huo akifanya jambo hili mbele ya wanawake, tangu azaliwe.

"Uji wa mahindi ya mgao. Kikombe cha bati, viwili nikiwa na njaa. Mimi huwa na njaa, daktari. Mchana maharagwe, sahani imejaa. Jioni mahindi tena. Nikipata, maziwa ya mbuzi ya Asekon. Ninapenda nyama ya kukauka. Ninapenda mchuzi." Alipumua. Aibu ilikuwa imemjaa usoni hadi makovu sita ya jando kwenye paji la uso yaling'aa, lakini hakushusha macho. "Anayenipikia ni mke wangu, Nyariek. Chungu ni chake. Hakuna wa kukichukua. Kiasi cha majivu mimi sijui, anajua yeye. Nampa."

Akamkabidhi ile redio. Nyariek hakuwahi kuishika. Kipngeno alimwonyesha kitufe kwa kidole, akarudi nyuma hatua moja, na Mzee Chuol naye akampisha.

Alibonyeza.

"Daktari," alisema, "chukua kalamu."